Mkazamwana

Neno la Kituruki gelin lina maana mbili, bibi harusi na mkazamwana, na asili yake ni kitenzi cha kuja. Gelin ni aliyekuja: hata akizaa na kulea, angali mgeni wa nyumba.

Lütfi Akad aliipa jina hilo filamu yake ya 1973. Meryem, anayeigizwa na Hülya Koçyiğit, ametoka Yozgat na mumewe na mtoto wao kuhamia Istanbul kwa wakwe, wenye duka la vyakula. Mtoto ana maradhi ya moyo. Fedha za kumpasua zipo, ila mzee anazitia katika duka jipya. Na mtoto anafariki siku ya Idi ya kuchinja. Akad hapazi sauti hapo, na ndipo panapouma zaidi.

Wako wasifuo subira ya wanawake wa shamba katika filamu za Kituruki. Ya Meryem ilikwisha pamoja na pumzi za mwanawe. Anakwenda kuajiriwa kiwandani, fedheha ambayo wakwe wanaiona kubwa kuliko msiba wenyewe. Mumewe anatumwa akamwue. Anamkuta kiwandani, na hamwui. Naye anataka kazi papo hapo.