Pikapu ya Mama, Logbuku ya Baba

Katika ukoo wetu hadithi ya pikapu husimuliwa hivi: Baba alinunua mkweche, akaufufua peke yake uani kwetu Manyatta, Kisumu. Nimeisikia harusini na matangani, kila msimulizi akiitia chumvi yake. Waliokuwepo tumebaki wachache. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne, mshika taa, na nitasema nilichokiona.

Ulikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa ukame, tulipokula ugali wa mahindi ya njano yaliyoletwa kutoka ng'ambo. Mama alikuwa mchuuzi wa samaki. Ziwani mambo yalikuwa yamegeuka: mbuta, aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950, sasa alikuwa amezaana mpaka nyavu zikamleta yeye zaidi kuliko ngege. Samaki walikuwa tele Dunga na Usenge; kuwafikisha soko la Kibuye wakiwa hawajaharibika ndiyo iliyokuwa kazi. Makanga wengi hawakutaka kuona samaki ndani ya matatu. Waliokubali walitoza beseni nauli ya mtu mzima, kisha wakalipandisha kwenye keria, juani. Usiku mmoja tukiwa tunakula, Mama akasema kwamba bila gari lake mwenyewe atakufa akiwafanyia makanga kazi. Wazo la pikapu lilianzia hapo, kwenye sahani ya omena.

Baba alikuwa fundi wa mitambo katika karakana ya meli bandarini. Watoto wa leo hawajui kwamba baadhi ya meli za Kisumu zilikuja kwa treni. MV Uhuru, ile feri ya kubeba mabehewa, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande, ikapitia Mombasa, ikaunganishwa upya hapa kwetu katikati ya miaka ya 1960. Baba alikuwa miongoni mwa walioiunganisha. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi yake ikapungua, naye akarudi nyumbani na sanduku la spana na mazoea ya kuandika kila kitu kwa chaki.

Pikapu yenyewe ilikuwa Peugeot 404, iliyochoshwa na kubeba vibarua wa miwa upande wa Muhoroni. Ilifika ikivutwa kwa kamba, majirani wakacheka. Baba hakutaka gari la aina nyingine. Alikuwa akitukumbusha kwamba 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 1966, na kwamba mwaka 1963 na 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza mashindano. Lakini sababu yake hasa ilikuwa ndani ya injini. Silinda za 404 hazikuchongwa kwenye bloku yenyewe. Kila moja ni slivu, bomba la chuma linaloketi ndani ya bloku huku maji yakilizunguka. Likilika, unalichomoa pamoja na pistoni yake na kutia jingine, bila kupeleka bloku kutobolewa upya. Injini ya namna hiyo hufufuka hata chini ya mwembe, alimradi fundi awe na subira na awe na seti mpya.

Seti mpya ndiyo iliyokuwa mlima. Siku hizo fedha za kigeni zilitoka kwa kibali, kwa hiyo spea zilikuwa adimu na bei yake haikamatiki. Katika hadithi ya ukoo, hapa husemwa "Baba akapata spea." Hakuzipata. Wanawake wa chama cha Mama cha kuchangiana pesa kwa zamu pale Kibuye walimruhusu Mama kuruka foleni: akapewa zamu yake kabla ya wakati, na mwenzake mmoja akamwachia ya kwake. Slivu nne na pistoni nne zilinunuliwa kwa mafungu ya omena.

Gari likawekwa juu ya mawe. Baba alikataa kuning'iniza injini kwenye tawi, kama walivyofanya wengine. Alisimamisha miti mitatu ya mkaratusi, akaifunga vichwa, akaazima winchi ya mnyororo kutoka kwa rafiki wa bandarini. Kila boliti iliyotoka ilipata kopo lake, na kila kopo lilikuwa na namba ukutani. Ukuta wa nyuma wa nyumba ukajaa chaki kuanzia dirishani hadi chooni, na ole wake mtoto aliyeegemea pale.

Mikono mingine haikuwa michache. Kijana mchomeleaji kutoka Kamas alikata mapipa ya mafuta, akayanyoosha, akayafanya sakafu mpya ya bodi. Fundi wa Kihindi eneo la viwanda alikereza pini za springi za nyuma na hakutaka hela. Alisema siku moja atabebewa vyuma. Wavuvi wa Dunga walitoa rangi ya buluu iliyobaki walipopaka mashua zao, nasi watoto tukaipaka kwa brashi. Mama aliandika yote hayo katika daftari la shule: mchomeleaji anadai safari ya kumpeleka mama yake Siaya, wavuvi wanadai mizigo ya nyavu, wanawake wa chama wanadai kubebewa samaki mpaka deni liishe. Ukutani Baba aliandika jinsi gari litakavyorudi kuwa gari. Daftarini Mama aliandika jinsi litakavyolipwa.

Injini ilipowashwa kwa mara ya kwanza, Baba alitumia hendeli ya kuzungusha kwa mbele, maana betri ilikuwa dhaifu. Ilikohoa, ikatulia, ikashika. Watu wakapiga vigelegele. Hadithi ya ukoo huishia hapo.

Wiki ile ile Mama alimwambia Baba, "Baba watoto, maji ya radieta yanakwenda wapi? Chini hapadondoki kitu."

"Injini mpya hunywa," Baba akajibu.

"Mimi ndiye ninayeyanunua hayo maji. Hiyo haijanywa, imeiba."

Manyatta ya wakati huo maji yaliuzwa kwa mtungi, ziwa likiwa linaonekana kwa macho. Mama alijua kila mtungi uliingia wapi. Baba akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakitazama kwa muda mrefu. Oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Akaurudisha ule mnyororo, akafungua kichwa cha injini. Slivu inapaswa kuchomoza kidogo sana juu ya uso wa bloku ili kichwa kiibane. Ya tatu ilikuwa imezama kuliko wenzake kwa unene wa ukucha, kwa sababu gasketi yake ya chini ilikuwa nyembamba mno. Maji yakapenya hadi kwenye oili. Angeendelea kuliendesha siku chache zaidi, beringi zote zingesagika na fedha za chama zingepotea. Baba alirekebisha kimya kimya, kisha akamwita Mama aje apime kwa kidole chake.

Pikapu ile ilifanya kazi miaka tisa. Alfajiri ilikuwa Usenge, saa tatu Kibuye. Ilipeleka maiti wengi nyumbani kuzikwa, na kwa hao Mama hakudai hela. Maji ya samaki yalikula sakafu, mchomeleaji akaitengeneza tena, na daftari likafunguliwa ukurasa mpya.

Mwaka 1993 masharti ya fedha za kigeni yalipolegezwa, pikapu za Kijapani zilizotumika zikaanza kujaa barabarani, na spea zake zikawa rahisi kupatikana. Mama akaamua kuuza. Mnunuzi, fundi wa Kamas, aliitaka kwa ajili ya injini tu, akasema slivu bado nzima. Mama alipokea noti, akazihesabu mezani mbele yetu sote, akatenga fungu la wanawake wa chama kwanza. Kisha akamsogezea Baba kalamu atie sahihi, kwa kuwa logbuku ilikuwa na jina lake.