Buhene: sakafu ya mawe ndani ya nyumba ya mbao

Goma – Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, mama mmoja wa Buhene, kaskazini mwa mji wa Goma, alikimbia na watoto watatu, sufuria moja na godoro. Aliporudi, mahali pa nyumba yake palikuwa jiwe jeusi, lingali na joto chini ya viatu. Leo anaishi si mbali na hapo, katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili. Sakafu ya chumba kikubwa ameitengeneza mwenyewe kwa jiwe hilohilo.

Mkaaji wa Goma hahitaji kuelezwa makoro ni nini. Anayetoka kwenye vilima vya udongo vya Masisi ndiye anayeshangaa kwamba watu wanalala juu ya mawe makali, wametandika turubai tu, na turubai lenyewe linatoboka kila wiki. Mama huyu aliishi hivyo miaka mingi. Kilichomchosha ni magoti ya mtoto wake wa mwisho. Mtoto alianza kutambaa, na kila jioni alioshwa vidonda.

Pesa ya kumlipa fundi haikuwepo. Majirani nao walikuwa na neno lao, na si neno la kijinga: "Mama, siku ya kukimbia mbao utazibomoa uzibebe. Sakafu utaibeba namna gani?" Buhene watu wamekimbia volkano, wamekimbia vita, na nyumba ya mbao inapendwa kwa sababu hiyohiyo. Yeye alijibu kwamba mtoto anatambaa sasa, hatambai siku ya kukimbia.

Mawe hayakumgharimu kitu, isipokuwa nguvu. Pamoja na mama mmoja mhami kutoka Masisi, aliyehifadhiwa kwenye uwanja wake, alichagua vipande bapa, unene wa vidole viwili au vitatu. Waliyagonga kwa nyundo: jiwe zuri linalia kama chuma, lenye matundu mengi ndani linatoa sauti iliyokufa, na hilo likipigwa tindo linavunjika ovyo. Walijifunga kitambaa puani, na kila aliyeshika nyundo alivaa miwani ya plastiki, maana kipande cha jiwe la volkano kikiingia jichoni ni kama kioo.

Chumba kina mita 3 kwa 4. Waliondoa makoro yaliyolegea, wakajaza mashimo kwa changarawe, wakashindilia kwa gogo zito mpaka mguu usisikie kitu kinachocheza. Kwa mpira mwembamba wa plastiki uliojaa maji walipima usawa wa kona zote nne, kisha wakafunga uzi ukishuka sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mlangoni, ili maji ya kuosha yajitokee yenyewe. Kandokando waliacha nafasi ya kidole kati ya mawe na mbao, kwa kuwa mbao inayogusa simenti yenye maji inaoza upesi.

Siku ya kwanza ya kupanga ilienda vibaya. Walichanganya ndoo 1 ya simenti kwa 4 za mchanga mweusi, wakamwaga unene wa sentimita 5, wakapanga mawe yakiwa makavu na yenye vumbi. Asubuhi mama alikanyaga, jiwe likacheza. La pili pia. Mawe zaidi ya ishirini yalinyanyuka kwa mkono, na chini yake simenti ilikuwa unga. Gunia zima la kilo 50 limepotea! Alikaa mlangoni bila kusema, na mama wa Masisi akaenda kuteka maji bila kuombwa.

Mzee mmoja fundi, akipita na chukudu yake, alisimama akacheka kidogo. "Jiwe hili lina kiu, mama. Lisipokunywa kwanza, litakunywa maji ya simenti yako." Tangu hapo kila jiwe liliswakiwa, likalazwa kwenye beseni la maji, likapangwa likiwa na unyevu bila kudondosha maji, na mgongo wake kupakwa simenti laini kabla ya kugongwa taratibu kwa mpini wa nyundo. Mianya ilijazwa kesho yake kwa mchanganyiko wenye nguvu zaidi, 1 kwa 3, na kila doa likafutwa kwa kitambaa kabla halijakauka.

Gunia moja lilifika mita za mraba 2 na kidogo, na simenti ilinunuliwa gunia kwa gunia, kadiri biashara ya ndizi ilivyoruhusu. Kazi ikachukua karibu miezi miwili. Kila sehemu iliyokwisha ilifunikwa magunia yaliyoloweshwa asubuhi na jioni kwa siku 7, na familia yote ililala katika chumba kidogo, wahami pamoja nao.

Sakafu si laini kama ya hoteli. Karibu na dirisha kuna jiwe moja lililojiinua kidogo, na watoto wanalijua kwa miguu hata gizani. Mtoto mdogo sasa anasimama akishika ukuta. Chumba cha pili bado ni makoro na turubai, mawe yake yameshachaguliwa, yamepangwa nje kando ya mlango. Mama wa Masisi ameomba azibakize zile ndogo za pembeni, azipange yeye.