Siku Niliyotundikiwa Dripu ya Kwanza



Ndugu zangu wanafunzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijaalia uhai wa kushika kalamu, napenda kuwasimulia jambo lililonifika mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 20. Wengi wenu mliuliza kwa nini niliacha ghafla kuja kuwasomesha, mkajibiwa kuwa nimesafiri. Ni kweli nilisafiri, lakini sikutaka isemwe safari ya nini. Leo naisema mwenyewe.

Kilianza kiuvimbe shingoni, upande wa kushoto, kidogo kama kokwa ya zambarau. Kwa kuwa hakikuuma, sikukijali. Duka la dawa mtaani walinipa vidonge mara mbili. Wengine wakasema ni tezi tu, wengine wakasema ni jicho la watu. Mtandio ukakifunika, nami nikanyamaza. Usiku nikawa natoka jasho mpaka shuka inaloa, na nguo zikaanza kunipwaya. Ikapita miezi saba. Siku moja mama alikuwa ananisuka, vidole vyake vikakigusa, akaacha kusuka.

Hospitali walikata kipande cha ile tezi wakakipima. Majibu yakaja kuwa ni saratani iitwayo limfoma ya Hodgkin, kwa jina la daktari Mwingereza Thomas Hodgkin aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1832. Daktari alituambia kwamba ni miongoni mwa saratani zinazopona sana, hasa kwa vijana, ila tusichelewe tena. Mama alisikia neno "zinazopona". Mimi nilisikia neno "saratani" tu, mengine yote yakanipita.

Niliwaambia shoga zangu wawili tu, tuliosoma pamoja tangu juzuu ya kwanza. Mmoja yuko hapa Unguja, na mwenziwe anasoma chuo Dar es Salaam. Yule wa Unguja alilia. Yule wa chuoni alinikasirikia kwa kuwaficha miezi yote ile, kisha akauliza, "Unaanza lini?"

Tukavuka kwa boti, mama, mimi na shoga yangu wa Unguja, tukafikia kwa mama mdogo Temeke. Tiba ilikuwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, liko karibu kabisa na bahari, na taasisi yenyewe ilianzishwa mwaka 1996. Nilikutana na watu wa Kigoma, Mtwara na Mwanza. Mpaka siku ile nilidhani niko peke yangu.

Chumba cha dripu hakiruhusu watu wengi, hivyo shoga zangu wakawa wanapokezana. Nesi alinitafuta mshipa mkononi, akanipa kwanza dawa ya kuzuia kutapika, kisha zikaja dawa nne, moja baada ya nyingine. Moja ni nyekundu kama sharubati ya rozela, na ile ya mwisho ilifunikwa kwa mfuko mweusi kwa sababu mwanga huiharibu. Alinieleza kwamba dawa hizi huua seli zinazokua haraka. Saratani hukua haraka, lakini nywele, ngozi ya mdomoni na chembe za damu nazo hukua haraka, ndiyo maana navyo huumia. Akaniambia nikihisi mkono unawaka nimwite hapohapo, nisione haya, kwani dawa ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Nilikuwa naitikia kwa kichwa, lakini wallahi sikuwa namsikia. Nilikuwa nayatazama matone. Pembeni yangu shoga wa chuoni alikuwa na daftari la mistari, anaandika kila neno na kumuuliza nesi maswali. Nikaona kama ananifanya kitu cha kusomea. Nikamwambia kwa ukali, mbele ya watu, "Unaandika nini wewe? Umekuja kwenye mtihani?" Akafunga kalamu, akatoka. Nilimwona dirishani amesimama anatazama bahari, anafuta uso kwa ncha ya mtandio.

Akaingia yule wa Unguja. Yeye hakusema kitu. Alikaa akanishika mguu, kwa kuwa mkono ulikuwa na sindano, akaushika mpaka dripu ikaisha. Jioni, kwa mapenzi yake, alinipikia urojo kwa sababu anajua naupenda. Nilikula vijiko vitatu, nikautapika wote. Mpaka leo nikisikia harufu ya urojo tumbo hupinduka. Baadaye nesi alitwambia kuwa siku ya dawa mgonjwa asipewe chakula anachokipenda, maana moyo utakuja kukichukia. Basi shoga yangu yule amenikosesha urojo wa Forodhani maisha!

Usiku ule niliingia chooni nikaona mkojo mwekundu. Nilipiga ukelele, mama akaanza kulia akidhani ni damu. Yule wa chuoni, ambaye nilimfukuza kwa ulimi wangu, alikuwa amelala chumba cha pili. Alikuja na daftari lake, akasoma: "Mkojo utakuwa mwekundu siku ya kwanza au ya pili. Ni rangi ya dawa, si damu." Sote tukanyamaza. Nikamwomba radhi palepale kizingitini, naye akasema, "Lala, shoga, una dripu nyingine mbele."

Lakini jambo kubwa lilikuja siku ya 9. Baada ya magharibi nilianza kutetemeka. Mama mdogo alisema ni uchovu, ninywe panado nilale, asubuhi tutaona. Shoga yangu akapima joto kwa kipimajoto alichokinunua mwenyewe: 38.4. Akafungua daftari: "Joto likifika 38, usingoje asubuhi." Kumpinga mtu mzima nyumbani kwake si jambo dogo, nanyi mnajua tulivyolelewa. Alipiga magoti mbele ya mama mdogo, akasema, "Mama, nisamehe, lakini usiku huu tunakwenda." Tukaenda kwa bajaji. Hospitali walikuta chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, zimekwisha kabisa. Walinitundikia dawa za vijidudu usiku uleule, nikalazwa siku tano. Daktari alisema asubuhi ingekuwa nimechelewa.

Wiki ya tatu nywele zilianza kubaki kwenye mto. Wale wawili walikuja na mkasi, wakanikata huku wakinichekesha, nami nikalia na kucheka kwa pamoja. Nilipewa dripu 12 kwa miezi sita. Kile kiuvimbe kilipotea hata kabla sijafika nusu. Sasa nakwenda kupimwa tu kwa tarehe ninazopangiwa, na alhamdulillahi nimerudi kwa watoto wangu wa alifu na bee.

Ndugu zangu, wasia wangu kwenu ni miwili. Kwanza, ukiona uvimbe usiouma ukapita wiki mbili au tatu bila kuondoka, mwambie mzazi na uende hospitali. Usifanye kama mimi, mtandio hautibu. Pili, tumezoea kudhani kwamba kumfariji mgonjwa ni kumwambia maneno mazuri. Mimi niliambiwa mengi mazuri, na siyakumbuki. Nakumbuka mkono ulioshika mguu wangu, na daftari la mistari. Mgonjwa siku ile hana masikio, basi rafiki awe masikio yake. Nenda naye, sikiliza, andika, na akikukaripia, toka nje ulie kidogo, kisha urudi.

Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Nilikuwa nauandika msemo huo ubaoni kila mwaka. Sasa naujua.