Cheti Kilichoninyoa Ndevu

Mimi ni fundi wa paa, mkazi wa Birere, Goma. Kazi nilirithi kwa kaka yangu, naye alirithi kwa wakubwa zake: paa la fibro, yale mabamba ya saruji, likizeeka, linapigwa nyundo, vipande vinaanguka, vijana wanafagia chini. Vumbi tulilihesabu pamoja na jasho.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba kwetu na ng'ambo ya mpaka, Gisenyi. Kazi ya kuezua ikawa tele. Msimamizi mmoja wa Gisenyi akanieleza kwamba fibro ya zamani ina asbesto, na serikali ya Rwanda iliamua tangu 2009 mapaa hayo yaondolewe. Asiye na mafunzo hataruhusiwa kugusa paa. Basi nikavuka mpaka wa Petite Barrière, nikaketi darasani na vijana.

Mwalimu akanitazama kidevu, akasema, "Mzee, pitia kwanza kwa kinyozi." Barakoa ya kazi hii lazima ishike ngozi; penye ndevu pana upenyo, na nyuzi za asbesto ni nyembamba kuliko jicho linavyoweza kuona. Nikanyoa. Tukafundishwa kulowesha paa kwa maji, kufungua misumari bila kuvunja, kushusha kila kipande kwa mikono, kukifunga kwa nailoni nzito na kukipeleka kuzikwa kwenye shimo lililotengwa. Ovaroli inavuliwa palepale kazini, haifiki nyumbani.

Hilo la mwisho ndilo lililonishika. Nguo zangu alikuwa akizikung'uta mke wangu, mtoto yuko mgongoni. Na kansa ya utando wa mapafu inayoletwa na vumbi hilo yaweza kujificha miaka 20, hata 40, kabla ya kujitokeza.

Siku hizi mwenye nyumba asiyetaka kugharamia maji, nailoni na barakoa, namwachia paa lake. Kazi kadhaa zimenipita, na wapo wanaosema nina maringo. Waseme tu.

Ndugu zangu wa Goma, fibro kuukuu msiivunje, wala vipande vyake msijengee banda la kuku. Nanyi wa INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, na vyuo vya ufundi, liingizeni somo hili kwenye useremala na uashi, na cheti kiwe sharti la kupanda paa. Kansa hiyo haina dawa ya kuiponya. Kinga yake inafundishika.