Dereva Asiyesinzia

Muda mfupi baada ya mabasi kuruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, nilisafiri kutoka Mbeya kwenda Dar es Salaam nikiwa nimeketi nyuma ya dereva. Tulipopita Mikumi nikaona kichwa chake kikiinama, kikainuka, kikainama tena. Mama mmoja aliyeketi jirani yangu akaanza kumsemesha: kwao wapi, ana watoto wangapi, mahindi mwaka huu yamekubali? Alimsemesha hadi Chalinze. Tuliposimama hapo, dereva alituambia kwamba aliingia Mbeya asubuhi ya siku hiyo hiyo, akalala saa tatu tu, tajiri akampangia kurudi. Dereva wa pili hakuwapo.

Tangu usiku ule siwezi kuyabeza magari yanayojiendesha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka. Mashine haisinzii, hailewi, wala haishindani na basi la kampuni nyingine mlimani. Tangu mwaka 2020, katika vitongoji vya Phoenix, Arizona, abiria hupanda teksi za Waymo ambazo kiti chake cha dereva ni kitupu.

Hata hivyo, ni katika eneo hilo hilo, mjini Tempe, ambako mwezi Machi 2018 gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara usiku huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walibaini kwamba vihisi vilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Programu ikamdhania gari, mara kitu kingine, mara baiskeli. Na kila ilipombadilisha jina ilisahau alikokuwa akielekea. Haikuwa imeandaliwa kumtarajia mtu anayevuka pasipo na kivuko. (Ingeyaonaje maisha ya Barabara ya Mandela?) Breki ya dharura iliyofungwa kiwandani nayo ilikuwa imezimwa kila kompyuta iliposhika uendeshaji. Msimamizi aliyeketi kwenye usukani alikuwa akitazama simu. Yeye alishtakiwa, kuhusu kampuni, mwendesha mashtaka hakuona msingi wa kesi ya jinai.

Hapo ndipo naliona basi letu. Laiti lingepinduka, taarifa ingesema “uzembe wa dereva”, na tajiri aliyepanga safari asingetajwa. Huko Tempe pia, waliokubaliana kuizima ile breki walikuwa ofisini, mchana, wakiwa macho kabisa.

Siku gari la namna hiyo litakapoomba kusajiliwa nchini, ningependa ofisa mwenye faili aulize kwanza ni nani, kwa jina, atakayesimama kizimbani likimgonga mtu. Na kwa kuwa siku hiyo bado haijafika, aanze na mabasi ya usiku: ratiba ya dereva wetu ilisainiwa na nani?