Herufi za Bwana Bodoni

Mwaka uliopita tulikosa, nasi twataka kuwaeleza kosa letu. Jioni twawafundisha watu wazima kusoma, na wengi wao ni wazee. Tulipotaka kuwapatia karatasi za kusomea, mpiga chapa alitutandazia namna nyingi za herufi. Tukachagua zilizotupendeza mno, ziitwazo Bodoni.

Zitazameni zikiwa kubwa. Nguzo zake ni nene, nyeusi sana, na mistari iziunganishayo ni myembamba kama uzi. Tena kila ncha imefungwa kwa kijistari chembamba kilichonyoka, mfano wa nguzo iliyosimama juu ya ubao. Waliowahi kuandika kwa kalamu ya kuchovya watafahamu asili yake: ukishuka huikandamiza kalamu, ncha ikapanuka, wino ukatoka mwingi, ukipanda mkono huwa mwepesi, na mstari huwa mwembamba.

Giambattista Bodoni alizaliwa Saluzzo, katika Italia, mwaka 1740, mwana wa mpiga chapa. Katika ujana wake alifanya kazi Roma, katika kiwanda cha chapa cha Propaganda Fide, kilichotoa vitabu vya misioni kwa lugha nyingi. Hata mwaka 1768 akaitwa na mtawala wa Parma asimamie kiwanda chake. Kila herufi ilichongwa kwanza kwenye ncha ya chuma cha pua. Chuma kikagongwa katika shaba, na katika alama ile ikamiminwa risasi iliyoyeyushwa. Mwaka 1806 alitoa kitabu cha Sala ya Bwana kwa lugha 155. Alikufa mwaka 1813, lakini Margherita, mjane wake, hakuiacha kazi ipotee: mwaka 1818 alitoa vitabu viwili vya mifano ya herufi zake. (Sisi twamheshimu mama huyo kuliko watawala wote wa Parma.)

Walakini Bodoni alikuwa na karatasi laini, wino mzuri, na kurasa pana zenye nafasi nyeupe nyingi. Sisi tulikuwa na karatasi ya bei rahisi, herufi ndogo, na taa ya mafuta. Basi ile mistari myembamba ikatoweka, zikabaki nguzo tupu. Neno “kununua” likawa kama miti ya ua. Bibi mmoja, ambaye ubaoni husoma vizuri, aliihesabu miti hiyo kwa kidole, kisha akaiweka karatasi chini, akasema, “Mwalimu, macho yangu yamekwisha.”

Majuma mawili hakuja. Nasi tulimsadiki, hata usiku mmoja tulipoijaribu karatasi ile wenyewe, taa ikiwa mbali kidogo, tukashindwa kutenga n na u.

Herufi hizi ni za vichwa vya habari na majina makubwa. Hata jina la gazeti la mavazi liitwalo Vogue huandikwa kwa herufi za ukoo huu. Tukapiga chapa upya, maneno kwa herufi za mistari minene, na kichwa tu kwa Bodoni, tukampelekea bibi nyumbani kwake. Alisoma mistari minne pasipo kusimama. Kisha akaitaka na ile karatasi ya kwanza, akaibandika ukutani. Alisema kichwa chake kilikuwa kizuri tangu mwanzo.