Mtihani na Mlango wa Elimu

Elimu haiulizi mtu aliipata chini ya dari au chini ya mti. Walakini wanadamu wana desturi ya kuuliza swali hilo, na aghalabu jibu lake huamua heshima ya mtu. Aliyesoma katika kumbi kubwa huitwa msomi. Aliyejisomea nyumbani, akafanya mtihani na kufaulu, huambiwa kwamba amepita njia ya panya. Katika insha hii nataka kuitetea njia hiyo, na kuonyesha pia mahali inapoteleza, maana mimi mwenyewe nimeipita.

Njia hii si ngeni duniani. Chuo Kikuu cha London kilipata hati yake ya kifalme mwaka 1836, na kwa hati nyingine ya mwaka 1858 kikawafungulia mitihani yake watu ambao hawakusoma katika chuo chochote kilichotambuliwa. Tangu hapo karani au mwalimu aliweza kukaa mbali, akasoma usiku baada ya kazi, akatahiniwa na kupata shahada. Katika Afrika ya Kusini, chuo kikuu kilichoundwa huko Rasi mwaka 1873 kilikuwa cha kutahini tu, hakikufundisha. Baadaye kikawa UNISA, ambacho kilianza kufundisha kwa posta mwaka 1946. Nelson Mandela alipata huko shahada yake ya sheria mwaka 1989, hali bado ni mfungwa.

Wala sisi wa Afrika Mashariki hatuna haki ya kuibeza. Makerere ilipofungamana na London mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba 1961 kwa wanafunzi 13 wa sheria, shahada zilizotazamiwa zilikuwa za London. Wanafunzi hao walikuwa na walimu, ni kweli. Lakini mizani ya kuwapimia ilikuwa ng'ambo ya bahari, na hakuna aliyesema kwamba umbali wa mizani umepunguza uzito wa elimu yao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kilicho jirani na Tosamaganga. Msomaji asiyepajua mahali hapa na ajue kwamba ni kilimani, si mbali na mji wa Iringa, penye misheni kongwe iliyoanzishwa na Wabenediktini wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, ikaendelezwa na Wakonsolata wa Italia. Shule, hospitali na kanisa vimekaa pamoja, na kwa hiyo mtoto wa hapa hukua akiamini kwamba elimu ina makao, na makao hayo yana kengele. Mimi pia niliamini hivyo. Lakini nilikuwa na mke, watoto na mama mzee, na mshahara ambao haukukubali kugawanywa kati ya nyumba ya Tosamaganga na chumba cha Dar es Salaam. Nikafanya mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha nikajiandikisha kusoma shahada kwa masafa. Nchi yetu ilikwisha kutunga sheria ya Chuo Kikuu Huria mwaka 1992, kwa ajili ya watu wasioweza kuacha jembe ili washike kitabu.

Tulikuwa watatu: muuguzi, karani na mimi. Baridi ya Juni ilitukuta tumejifunika mablanketi, tukiulizana maswali mpaka usiku mkubwa. Ada tulilipa kidogo kidogo, kwa mahindi na alizeti. Hatukuona katika urahisi wa gharama jambo la kuonea haya, kwa sababu aliyekula bila kukopa hakula kidogo.

Siku moja baba yangu mdogo, ambaye alikuwa seremala maisha yake yote, alinijia. Nilimwamkia, "Kamwene, baba." Aliitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nasikia unatafuta shahada ya haraka na ya bei ndogo. Rahisi huvunja upishi."

Nikamjibu, "Baba, ukiletewa fundi, humpimi kwa miaka aliyokaa karakanani. Humpa ubao, ukatazama kiti atakachotengeneza."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kweli, nampa ubao. Lakini natazama pia anavyoishika randa."

Neno hilo sikulisahau, maana ndani yake mna hoja yote. Mtihani huona kiti, hauoni mkono. Mwalimu Nyerere aliulaumu uzito wa mitihani katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Lawama hiyo ilikuwa ya haki. Mtu anaweza kukariri kurasa mia, akazitapika siku ya mtihani, akarudi nyumbani mtupu.

Lakini tazama, msomaji, upande wa pili wa azimio hilo. Likiwa kazi ni mwalimu, basi mtu aliyefanya kazi miaka kumi na miwili amekwisha kusoma kitu. Katika chuo nilichosoma mimi, nililazimika kujifunza upya, kwa ada na kwa miezi, namna ya kuandaa somo na kuandika ubaoni. Mambo niliyoyatenda kila asubuhi mbele ya watoto sitini. Hapakuwa na mtihani wa kuniuliza, "Hili walijua?" Huko Marekani mitihani ya namna hiyo ipo: ile iitwayo CLEP imekuwapo tangu mwaka 1967, na mwenye kufaulu huhesabiwa somo hilo katika vyuo vingi vinavyoikubali, asilipe tena kufundishwa analolijua. Kwetu, Tume ya Vyuo Vikuu imeweka utaratibu wa kuwatambua watu wazima wenye ujuzi, lakini utaratibu huo humfikisha mtu mlangoni tu. Safari ya ndani huanza mwanzo kama ya kijana.

Basi haraka ni mbili. Iko haraka ya mtu arukaye shimo asilolijua. Hiyo haina baraka. Na iko haraka ya mtu anayepita upesi barabara aliyokwisha kuitembea. Huyo si mwenye pupa, ila amekataa kupotezewa wakati. Vyuo vyetu vingefaa kuitofautisha ya kwanza na ya pili kwa mtihani ulio mkali, na pale ambapo randa ni muhimu kuliko kiti, kama katika uuguzi na ualimu, mtahini aje aone mkono ukifanya kazi.

Muuguzi yule alihitimu. Karani alikwama kwa ada, na kitabu chake cha mwisho bado kiko kwangu. Hakushindwa na akili. Masomo mawili aliyoyajua kwa kazi yake, kama yangalipimwa badala ya kulipiwa, yangalimvusha. Taifa linalomlipisha mtu maskini bei ya elimu aliyo nayo tayari halijalinda heshima ya shahada. Limepunguza tu idadi ya wenye nayo.